Kasisi wa Magari Moshi: Maisha ya Wilbert Awdry

Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za wamisionari, maaskofu na mashahidi, na ni vema iwe hivyo. Mara hii twaomba ruhusa ya kuwaletea habari za kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza ambaye hakuwa askofu wala shahidi, bali alitumikia parishi za vijijini, na katika saa zake za mapumziko alikuwa akichezea magari moshi madogo. Tukisema alikuwa akichezea, msomaji asicheke upesi. Jina lake ni Wilbert Vere Awdry. Watoto na wajukuu wengi wa wasomaji wetu wameiona injini yake ya rangi ya buluu iitwayo Thomas, katika televisheni ama kwenye mkoba wa shule, pasipo kujua kwamba aliyeitunga alikuwa mtu wa kusimama madhabahuni.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si wote wanaolijua. Huko Uingereza wapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao hujenga reli za mfano nyumbani mwao. Si vitu vya dukani vya kumnyamazishia mtoto. Mtu huchagua kipimo kimoja, akapunguza kila kitu kwa kipimo hicho hicho: injini, mabehewa, stesheni, madaraja, hata mti, hata mtu anayengoja gari na mzigo wake. Kipimo kinachopendwa zaidi hupunguza gari moshi mara 76, na reli zake mbili huachana kwa milimita 16.5 tu, wakati reli zetu za zamani za Afrika Mashariki huachana kwa mita moja kamili. Kisha mwenye reli huweka ratiba, na gari likichelewa, limechelewa kweli. Makasisi si wachache kati ya watu hawa. Kasisi Peter Denny alianza reli yake ya mfano iitwayo Buckingham katika miaka ya 1940, akaendelea nayo muda mrefu wa maisha yake, na mafundi wengi walijifunza kwake. Lakini aliyejulikana kupita wote ni Awdry.

Alizaliwa tarehe 15 Juni 1911 katika kijiji cha Ampfield, Hampshire, kusini mwa Uingereza, ambako baba yake, Vere Awdry, alikuwa kasisi. Mzee Vere alikuwa na umri mkubwa wakati huo, naye alikuwa amekwisha kuoa mara mbili kabla ya kumwoa mama yake Wilbert. Jina la mtoto halikuwa la kawaida: baba aliunganisha majina ya ndugu zake wawili aliowapenda, William na Herbert, akapata jina moja. Mzee huyu alipenda reli mno. Aliwajua mafundi wa njia waliokagua mataruma karibu na parishi yake, akatembea nao na kuzungumza nao, na katika bustani ya nyumba ya kasisi alijenga kwa mikono yake reli ya mfano yenye urefu wa yadi 40. Mwanawe alianza kuifahamu dunia kando ya reli hiyo.

Bustani ile hawakukaa nayo muda mrefu. Mwaka 1914 kaka yake Wilbert kwa baba, jina lake Carol, aliuawa vitani, na mwaka 1917 familia ikahama Ampfield ikaenda Box, katika Wiltshire. Nyumba waliyoishia, tangu mwaka 1920, ilikuwa yadi 200 tu kutoka kwenye tundu kubwa la reli lipitalo chini ya kilima cha Box. Hapo njia hupanda kwa maili mbili, futi moja kwa kila futi 100. Magari ya mizigo yalipita usiku. Kwa kuwa injini moja haikuweza peke yake, injini ya pili ilikaa tayari chini ya kilima ili kusukuma kutoka nyuma, na madereva wawili walipashana habari kwa kupiga honi ya mvuke.

Wasomaji waliokulia karibu na reli, iwe Korogwe, Dodoma au Voi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto akilala kitandani usiku, gari likapanda mlima, huanza kusikia maneno katika sauti ile. Hiyo ya mbele hulalamika kwamba haiwezi, hiyo ya nyuma huihimiza kwamba inaweza. Wilbert alisikia mazungumzo hayo miaka mingi, akakua nayo, na hakuyasahau.

Alisoma katika shule ya Dauntsey's, kisha Oxford, ambako alimaliza shahada yake mwaka 1932 na masomo ya theolojia katika chuo cha Wycliffe Hall mwaka 1933. Baadaye alikwenda Yerusalemu, akafundisha miaka mitatu katika shule ya Mtakatifu George, shule ya Kianglikana. Tunafurahi kutaja kwamba alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kasisi. Huko Palestina alikutana na Margaret Wale, mwalimu mwenzake kutoka Uingereza. Mwaka 1936 alirudi kwao akapewa daraja la ushemasi, na baada yake la ukasisi, na mwaka 1938 akamwoa Margaret. Wasomaji walishike jina la mama huyu, maana bila yeye tusingekuwa na la kuandika.

Vita ilipoanza mwaka 1939, Awdry alikuwa kasisi msaidizi katika West Lavington, Wiltshire. Alikuwa ameamini tangu zamani kwamba Mkristo hapaswi kushika silaha kumwua mwenzake, na vita ilipofika hakuibadili imani hiyo wala hakuificha. Tuelewe hali ilivyokuwa. Nchi nzima ilikuwa katika hatari, vijana wa parishi walikuwa wakiitwa jeshini, na wazazi wao waliketi kanisani Jumapili wakimsikiliza kasisi ambaye dhamiri yake haikukubali vita. Kasisi mkuu wake alimwambia aondoke. Alipotafuta mahali pengine, mlango ulifungwa kwa sababu ile ile. Na mwaka ule ule wa 1940 mtoto wao wa kwanza, Christopher, alizaliwa.

Si kila msomaji atakubaliana na Awdry katika jambo hili. Hata kati yetu wapo waliowapeleka wana wao vitani mwaka 1978 kwa moyo wote, na hatusemi walikosea. Lakini mtu mwenye mke na mtoto mchanga, asiye na mshahara wa uhakika, ambaye angeweza kunyamaza tu akabaki na kazi yake, asinyamaze, huyo twamheshimu. Aliyempokea mwishowe ni Askofu Barnes wa Birmingham, ambaye naye aliichukia vita. Awdry akawa kasisi msaidizi katika kanisa la Mtakatifu Nicolas, Kings Norton, na Birmingham ukawa mmoja wa miji iliyopigwa sana kwa mabomu ya ndege. Kwa hiyo hakukwepa hatari. Alikaa hapo mpaka mwaka 1946.

Ndipo, mwaka 1942, Christopher akapata surua. Mzazi yeyote anaijua kazi ya kumtuliza mtoto wa surua katika chumba chenye giza. Baba alianza kumsimulia habari za injini mzee iliyoachwa bandani na wenzake, ikahuzunika. Mtoto alipenda, akataka isimuliwe tena na tena. Lakini mtoto huyo alikuwa na masikio: kila baba alipobadili jambo dogo, alimkatiza na kumsahihisha. Sisi tuliofundisha watoto wadogo tunajua kwamba hawana huruma katika jambo hili. Basi Awdry akaandika hadithi nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, maana karatasi zilikuwa adimu wakati wa vita, ili asikosee tena. Hakuwa na nia nyingine. Bibi Margaret ndiye aliyesema kwamba hadithi hizo ni bora kuliko vitabu vya watoto vilivyokuwa madukani, akamsukuma mumewe azitafutie mchapishaji, na hakumwacha mpaka afanye hivyo.

Kitabu cha kwanza, The Three Railway Engines, kilitoka mwaka 1945 katika nyumba ya uchapaji ya Edmund Ward huko Leicester. Ndani yake imo hadithi ya Henry, injini yenye kiburi iliyokataa kutoka katika tundu la mlima kwa kuogopa mvua isiiharibie rangi yake ya kijani na mistari yake myekundu. Wakubwa wa reli wakaamua kuijengea ukuta humo humo. Mwanzoni hadithi za Awdry ziliishia hapo, injini imefungwa gizani. Mchapishaji aliomba hadithi ya nne, na katika hiyo Henry akatolewa, akasaidiana na wenzake kuvuta gari lililokwama. Tangu hapo ikawa sheria ya vitabu vyake vyote. Injini hukosa, hupata mkasa kwa kosa lake, huaibika, hutubu, kisha hurudishwa kazini. Mkuu wa reli yule mnene, ambaye watoto wote wanamjua, huadhibu, lakini haipeleki injini ya kwake kukatwakatwa iwe chuma chakavu. Awdry hakuhubiri katika vitabu vyake, wala hatukumbuki ukurasa wenye mahubiri, lakini kasisi aliyeviandika hakuivua kanzu yake alipoketi kuandika.

Thomas mwenyewe alianza kama kipande cha mbao. Baba alikwisha kumchongea Christopher injini ya Edward kwa mpini wa ufagio na mabaki ya mbao. Mtoto akataka pia Gordon, injini kubwa ya gari la haraka, lakini Gordon ilikuwa na kazi nyingi kuliko mbao zilizopatikana. Akachonga badala yake injini fupi ya magurudumu sita, ya aina ibebayo maji yake ubavuni. Ikapewa jina la Thomas, na hadithi zake zikatoka mwaka 1946. Mwaka huo huo Awdry akawa kasisi wa Elsworth na Knapwell katika Cambridgeshire, na kuanzia mwaka 1953 akawa kasisi wa Emneth katika Norfolk. Kwa miaka mingi kitabu kimoja kilitoka karibu kila mwaka, mpaka vikafika 26 mwaka 1972, pamoja na ibada, ziara za wagonjwa, mazishi na vikao vya parishi.

Hapa twafika kwenye tabia iliyomfanya apendwe na wenye reli za mfano, na pia iliyowachosha waliofanya kazi naye. Awdry hakukubali uongo katika mambo ya reli. Injini zake zilikuwa na nyuso na zilisema, hilo ni kweli, lakini kila mkasa ulipaswa kuwa ni jambo lililopata kutokea katika reli fulani ya kweli, au linaloweza kutokea kwa kufuata kanuni za reli. Samaki wakiingia katika tangi la maji la Thomas, ni kwa sababu injini iliwahi kunyweshwa maji ya mto yenye samaki. Mchora picha wa vitabu vya kwanza, C. Reginald Dalby, alikuwa hodari wa rangi, lakini hakujali kama njia ni moja katika picha hii na mbili katika picha ifuatayo. Watoto wakaona, wakaandika barua. Awdry alimlalamikia Dalby, na hasa alichukizwa na jinsi injini ndogo ya kijani, Percy, ilivyochorwa kama kiwavi. Mwaka 1956 Dalby akaacha kazi. Sisi twaona kwamba pengine kasisi alikuwa mkali kupita kiasi, maana rangi za Dalby ndizo zilizowavuta watoto kwanza. Lakini barua za watoto zilimwuma, kwa kuwa aliona wana haki.

Barua hizo ndizo zilizozaa kisiwa cha Sodor. Watoto waliuliza reli hiyo iko wapi, na stesheni ipi hutangulia ipi, naye hakutaka kuwajibu ovyo. Mwaka 1950 alizuru kisiwa cha Man, kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ireland. Askofu wa huko huitwa Askofu wa Sodor na Man. Awdry aliona kwamba Man ipo, watu wanaiona, lakini Sodor haipo popote, maana ni jina la kale lililobaki tangu zamani za Wanorwe, waliokiita hivyo kikundi cha visiwa vya kusini. Basi akamtafutia askofu huyo nusu ya dayosisi yake iliyopotea: akachora kisiwa katika bahari, kati ya Man na Barrow. Ndugu yake George, mkutubi wa London, alimsaidia. Wawili hao walikitungia kisiwa milima, mito, lugha, wafalme wa kale, hata mazao na madini, na kazi yao ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1987. Twapenda kuwaambia wasomaji kwamba hii ndiyo dayosisi pekee tunayoijua ambayo nusu yake ilijengwa na kasisi wa kijijini kwa kalamu na ramani.

Lakini ramani haikumtosha, akajenga. Reli yake ya mfano iliyojulikana zaidi iliitwa Ffarquhar, yaani stesheni ya mwisho ya njia ndogo ya Thomas. Haikuwa kubwa; ukubwa wake ulikuwa futi sita kwa nne hivi, kama meza ya chakula, kwa sababu aliitaka iingie garini aipeleke kwenye maonyesho. Juu ya ubao huo palikuwa na stesheni, banda la injini, na njia iendayo kwenye machimbo ya mawe. Mwaka 1959 jarida la wenye reli za mfano liliandika habari zake pamoja na picha. Kwenye maonyesho watu walisongamana, na nyuma ya ubao alisimama mtu mrefu mwembamba mwenye kola ya kikasisi, akiendesha Thomas kwa ratiba, akiwajibu watoto maswali yao moja moja kwa uzito ule ule ambao angemjibu mzee wa kanisa.

Jinsi alivyolichukua jambo hili kwa uzito ilionekana mwezi Juni 1953. Televisheni ya BBC iliamua kuonyesha hadithi ya Henry moja kwa moja, kwa kutumia treni za kuchezea. Mtu mmoja hakuigeuza njia panda ya reli kama ilivyopasa, injini ikaacha reli mbele ya watazamaji, na mkono wa binadamu ukashuka kutoka juu ukaiinua na kuirudisha. Magazeti yalicheka. Awdry hakucheka. Kwake yeye, kuwaonyesha watoto mkono ukiinua gari moshi ilikuwa sawa na kuwaambia kwamba walidanganywa.

Wala hakubaki na mifano tu. Huko Wales ilikuwapo reli ndogo ya kale iitwayo Talyllyn, iliyokaribia kufa, na mwaka 1951 watu wa kujitolea wakaanza kuiendesha, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 1952 Awdry alikwenda na familia yake kujitolea, akafanywa gadi wa treni. Siku moja alipuliza filimbi na kupunga bendera ya kijani, treni ikaondoka, kumbe amemwacha stesheni mama muuza viburudisho, akipiga kelele na kukimbia nyuma yake. Mtu mwingine angelificha hilo. Yeye alilitia katika kitabu.

Rafiki yake mkubwa katika mambo haya alikuwa Kasisi Teddy Boston, ambaye tangu mwaka 1960 alikuwa na parishi ya Cadeby katika Leicestershire. Awdry alikuwa mwembamba, mkimya kidogo, mwenye kujipima maneno. Boston alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika mbali. Boston alikuwa na reli ya mfano ndani ya banda, lakini haikumtosha. Alinunua injini ya kweli ya mvuke, ndogo, jina lake Pixie, akaiwekea njia katika bustani ya nyumba ya kasisi, na mwaka 1963 ikaanza kwenda. Wageni walifika kutoka mbali kupanda, wakanywa chai, na wengine wakaingia kanisani ambako pengine wasingefika kwa njia nyingine. Wazee wa kanisa wa Cadeby walikuwa na subira, tukiwafikiria. Marafiki hao wawili walisafiri pamoja kutazama reli ndogo za pwani ya Ravenglass, na Awdry akawatia katika kitabu cha mwaka 1967 kama Kasisi Mwembamba na Kasisi Mnene. Boston alifariki mwaka 1986.

Nyakati hizo injini za mvuke zilikuwa zikifa kweli. Mwaka 1955 reli za Uingereza zilipanga kuhamia dizeli na umeme, na mwezi Agosti 1968 injini ya mwisho ya mvuke ikatolewa katika njia kuu. Maelfu yalikatwakatwa. Awdry aliandika mwaka 1963 kitabu cha Stepney, injini ya kweli iliyookolewa na watu wa reli ya Bluebell, na mwaka 1968 akaandika habari za injini itorokayo usiku, ikijificha isije ikakatwa, mpaka ifike Sodor palipo salama. Watoto waliona ni hadithi ya kusisimua. Wazazi wao, na hasa madereva waliokuwa wakipoteza kazi waliyoizoea, walielewa vingine. Alikuwa na mzaha mmoja alioupenda, kwamba reli na Kanisa vinafanana: vyote viwili vina wakosoaji wengi, na hata hivyo vyote viwili ndiyo njia bora ya kumfikisha mtu aendako.

Hatutaki kumfanya malaika. Katika kitabu kimoja cha mwaka 1951 alikuwa ametumia neno la dharau kwa watu weusi, pale alipoeleza nyuso za wavulana waliopakwa masizi. Mwaka 1972 watu walilalamika magazetini. Aliomba radhi, na neno likaondolewa. Sisi tunaosoma habari hii kwa ngozi zetu wenyewe twaona kwamba miaka 21 ni mingi kwa neno kama hilo kukaa mikononi mwa watoto, na kwamba mtu aliyeweza kuona taruma lililochorwa vibaya angeliweza kuliona na hilo. Lakini lililosahihishwa tulihesabu limesahihishwa.

Mwaka 1965 alikuwa ameacha Emneth, akastaafu na kuhamia Rodborough, karibu na Stroud katika Gloucestershire, akiendelea kusaidia ibada palipohitajika msaada. Alipomaliza kitabu cha 26 alisema hana hadithi tena, akaacha, ingawa fedha zingemshawishi mwingine aendelee. Christopher, yule mtoto wa surua, ndiye aliyeshika kalamu, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1983. Mwaka uliofuata hadithi zilianza kuonyeshwa katika televisheni kwa mifano mizuri ya magari moshi, kwa juhudi ya Bibi Britt Allcroft, msimulizi akiwa Ringo Starr, na Thomas akajulikana ulimwenguni. Mzee alifurahi kwa sehemu. Ilipotungwa hadithi ambayo miti ilisimama karibu mno na reli kinyume cha kanuni, alipinga, maana huo ndio mwanzo wa moto wa porini, na gadi yeyote angeliwaambia.

Bibi Margaret alifariki mwaka 1989. Miaka ya mwisho mume wake alikuwa dhaifu, na mwaka 1996 alipopewa nishani ya OBE hakuweza kusafiri mpaka London kuipokea. Alifariki nyumbani Rodborough tarehe 21 Machi 1997, akiwa na umri wa miaka 85.

Chumba chake cha kuandikia, pamoja na meza yake na vitabu, kimepangwa upya katika jumba la makumbusho huko Tywyn, penye stesheni ya Talyllyn, hatua chache tu kutoka mahali treni za reli ile zinapoanzia safari. Na katika kanisa la Mtakatifu Edmund, Emneth, familia yake iliweka mwaka 2003 dirisha la kioo cha rangi kwa ukumbusho wake. Kama ilivyo desturi ya madirisha ya kanisa, mna ndani yake mambo matakatifu, na ukitazama vizuri utamwona pia Thomas.